Sanamu Aliyoikana na Sanamu Aliyoidai

Alhamisi, tarehe 20 Februari. Baridi ya kuuma mifupa tangu alfajiri. Jua lipo lakini halina kazi, na kioo cha gari kilikuwa na barafu ambayo mume wangu aliikwangua kwa kadi ya maktaba ya mtoto, maana kikwanguo chenyewe kilipotea mwaka jana. Naandika leo hii hii kwa sababu nikilala nitajipendelea. Najijua. Kisa kikilala usiku mmoja, kesho yake mimi ndiye niliyekuwa na akili kuliko wote.

Niseme kwanza kwamba elimu yangu ni darasa la saba, nyumbani Korogwe, na hapa Texas nikaongeza wiki chache za kupata cheti cha kutunza wazee. Sijui sanaa. Nikisema sanamu fulani ni nzuri, ni kwa jicho la mtu anayejua kuchagua kanga, basi.

Tangu Septemba namtunza mzee mmoja huko Plano, nyumbani kwa binti yake anayefanya kazi kwenye moja ya yale maofisi makubwa ya vioo. Mzee anatoka Bolivia na alikuwa mchongaji wa sanamu, zile kubwa zinazosimamishwa kwenye viwanja vya miji. Siku ya kwanza binti alinionyesha picha iliyotundikwa sebuleni ndani ya fremu: kijana mwembamba amesimama kwenye jukwaa la mbao, mkono ameuweka kwenye kiatu cha jenerali aliyepanda farasi. Jenerali wa shaba, farasi wa shaba. Akaniambia baba yake alikuwa mtu mkubwa kwao, na jenerali huyo alisimama mbele ya ikulu miaka mingi.

Binti alipokwenda kupokea simu, mzee akanisogelea akanong'ona kwamba jenerali yule hakumfanya yeye.

Akaendelea kwamba kazi yake iko Houston, kwenye bustani moja ukielekea Sugar Land: mama amembeba mtoto mgongoni, shaba tupu, urefu wa watu wawili. Yule ndiye wake. Nikainua macho, nikamwona binti mlangoni na simu sikioni, anatikisa kichwa kuniambia nisimsadiki.

Basi mashaka yangu yalianza siku ile ile, na hayakuwa na adabu. Mtu anakana sanamu ambayo picha yake ipo, anadai nyingine ambayo hana hata karatasi. Nilishalea wazee wawili kabla yake, na mmoja wao alikuwa akiniapia kwamba aliwahi kuwa rubani. Nikamweka mzee wangu kwenye kapu hilo hilo.

Hata hivyo tulipatana. Nilimfundisha kuitikia marahaba nikimwamkia, na akawa anaitikia kwa sauti ya kanali. Mimi namwita Babu. Yeye ananiita mwanangu kwa Kihispania chake, na mengine tunasemezana kwa Kiingereza kibovu cha pande mbili. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo msomaji ajue yamenyooshwa kidogo.

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande nikimkata kucha. Baba yake alichonga mawe ya makaburi, na yeye alianza kwa kuchonga herufi za majina ya wafu akiwa hajajua kuzisoma. Baadaye akapelekwa chuo. Akafanya wanawake wafuaji wakiwa mtoni, wa jiwe, wako bado sokoni mji mmoja wa milimani, na watu huanika nguo juu yao kweli. Akafanya mchimba madini aliyekaa chini anakula, kwa sababu alichoka na wachimba madini wanaoinua ngumi. Akifika kwenye miaka ya utawala wa wanajeshi alikuwa anaruka. Ghafla tuko Texas, na yeye ni kibarua kwenye karakana ya mchongaji mwingine hapa hapa, Mmarekani, aliyekuwa akipata kazi nyingi za mijini na kuajiri mikono ya kumsaidia.

Hilo la kuruka nililiweka akilini. Anayeruka ana anachokiruka.

Tena kulikuwa na gereji. Huko alikuwa na meza, vijiti, na kitu kilichofunikwa matambara mabichi ambacho nilikatazwa kukigusa. Alipolala mchana mmoja nilifunua. Nilikuta bonge la udongo lenye mashimo ya vidole, halina uso, halina mkono, halifanani na kitu. Nikafunika vilevile nilivyokuta. Moyoni nikasema, huyu si mchongaji wa chochote. Baadaye nilijiuliza kama mkono unaotetemeka wa mtu wa miaka themanini na mbili ulipaswa kunifanyia onyesho.

Sasa kuna daftari. Kazi yetu ina daftari la zamu: kala nini, kanywa dawa zipi, katembea wapi, na mwisho nafasi ya mengineyo. Binti aliniomba kwenye mengineyo niandike kila neno la ajabu litakalomtoka baba yake. Nikaandika. Kila wiki unakuta kwa mwandiko wangu: amekana sanamu yake, amedai sanamu ya mtu mwingine. Tulifundishwa kuandika tulichoona, si tunachodhani. Mimi niliandika ninachodhani kwa mwandiko mzuri.

Wiki mbili zilizopita binti akanieleza yote. Leo Alhamisi angekuja nesi wa kumpima mzee akili. Nesi akisema amechanganyikiwa, mzee anahamia kwenye nyumba ya wazee yenye milango ya namba, isiyofunguka bila tarakimu za siri, ambako hakuna gereji, hakuna visu, hakuna udongo. Nesi angesoma daftari langu lote. Nilipata mashaka na binti pia, lazima nikiri. Nikajiuliza kama alikuwa ananitumia kumjengea baba yake ukuta. Lakini haki yake nimpe: Januari mzee aliacha hita ndogo inawaka gereji karibu na matambara, na binti ndiye aliyesikia harufu. Mama huyo anaamka saa kumi na moja kila siku na ana mtoto chuoni. Na mimi mwenyewe mwezi huo huo niliunguza maharage, wala hakuna aliyeniletea nesi.

Mzee alikuwa anajua. Alisema nami mara moja tu, nikimfunga viatu. "Huko wataniwekea penseli za rangi," akasema. "Mwanangu, mimi si wa penseli za rangi."

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakwenda Houston kumwona wifi yangu aliyejifungua. Nikamwomba mume wangu tupitie kwenye bustani ile kwanza. Akaniuliza nimeajiriwa na polisi lini. Mwanangu nyuma akauliza kwa Kiingereza kama kutakuwa na choo. Nikawaambia ni dakika kumi tu.

Sanamu ilikuwepo. Hilo la kwanza lilinishtua, maana nusu yangu ilitegemea kukuta uwanja mtupu. Mama mrefu, miguu peku, anatazama barabarani kama anayesubiri basi lililochelewa, mtoto mgongoni ndani ya nguo. Chini kwenye jiwe kuna kibao, na kwenye kibao kuna jina la mtu, na jina hilo si la mzee wangu. Nikalipiga picha. Nikaona nimemaliza kazi.

Kisha nikatazama mbeleko. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na ni kosa la mtu wa kwetu hasa. Nguo ile ilipita juu ya bega moja tu, ikateremka chini ya kwapa la upande wa pili, ikafungwa fundo juu ya ziwa, na ncha ya fundo imekunjwa kurudi ndani. Nikacheka peke yangu. Mtoto anabebwa chini ya makwapa yote mawili, kanga inabanwa kifuani, miguu inakumbatia kiuno. Hata msichana wa miaka sita akibeba mdoli anajua hilo. Ukimfunga mtoto kama mfuko wa shule ataanguka kabla hujafika kisimani. Nikamwambia mume wangu, aliyefanya hii hajawahi kubeba mtoto wala kubebwa. Akasema inawezekana, maana mtoto ni wa shaba hana haraka ya kuanguka. Nikapiga picha ya fundo kwa ushahidi.

Kwa wifi tulikula pilau, nikampa doti ya kanga, nikampakata mtoto. Lakini habari yangu ilikuwa mbeleko ya kule bustanini, mpaka mwenyewe akanishika mkono. "Wifi, umekuja kumwona mwanangu au umekuja kumwona yule wa shaba? Maana huyu ana pua ya kaka yako na hujasema kitu." Wakacheka wote. Niliona haya, maana kweli sikuwa nimesema.

Jumatatu nikaingia kazini nimejaa ushindi. Si kitu cha kujivunia. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa uji wake, halafu nikamwonyesha picha ya kibao. Akatazama, hakushangaa. Akasema bila shaka jina ni la yule, karakana ilikuwa yake. Nikamwonyesha picha ya fundo. Nikamwambia, na hapa nanukuu upumbavu wangu wote: "Babu, aliyefanya hii hajui kubeba mtoto. Angeanguka."

Mzee aliweka kijiko chini. Akasema, "Nipe nguo."

Nilikuwa na kanga kwenye mkoba. Akaitandika mezani, akaenda kabatini mwenyewe akarudi na mfuko wa mchele wa ratili ishirini, na mimi nyuma yake namwomba Babu tafadhali, mgongo. Hakunisikia. Aliulaza mchele kwenye kanga, akainama, akautupia mgongoni kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mwanamume, nguo juu ya bega moja, chini ya kwapa jingine, akavuta, akafunga. Mikono ile inayotetemeka haikutetemeka. Halafu akaanza kutembea jikoni. Akainama kama anayechota maji. Akaruka, mara mbili, mtu wa miaka themanini na mbili, nikamkamata kiunoni kwa hofu ya kuandika taarifa ya ajali. Mchele haukusogea.

Aliniambia kwao hivi ndivyo wanavyobeba, wote, tangu enzi na enzi, na yeye mwenyewe aliwabeba wadogo zake watatu hivyo hivyo mama yake akiwa sokoni. Akaniuliza sisi kwetu mbona tunambana mtoto kama mzigo wa kuni.

Nikaangalia fundo kifuani pake. Kisha nikafungua picha kwenye simu. Ncha ya kanga alikuwa ameikunja kurudi ndani kwa vidole viwili, kuelekea shingoni. Kwenye shaba imekunjwa vilevile, kwa upande ule ule.

Sasa mtu mwenye haki lazima ajiulize: je, si kila mtu wa kwao hukunja hivyo? Inawezekana. Karakana ingeweza kuwa na Mbolivia mwingine. Kwa hiyo nikamuuliza wazi kama sanamu yote aliifanya yeye. Nilitegemea aseme yote.

Akafikiri. Akasema hapana. Kichwa alikifanya Mmeksiko mmoja aliyekuwa hodari wa nyuso. Yeye alifanya kuanzia shingo kushuka chini, na mtoto, na nguo. Mwenye karakana alikuja Ijumaa, akasogeza kidole kimoja cha mguu, akaweka jina. Hayo ni maneno ya upande mmoja, na mwenye karakana amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Huenda wazo lilikuwa lake, huenda yeye ndiye aliyeuona mama huyo kwanza kichwani. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtu aliyechanganyikiwa kwa kujikweza asingenirudishia kichwa. Kichwa ndicho watu wanachokipiga picha.

Nilimuuliza kuhusu jenerali pia. Alifungua fundo, akarudisha mchele kabatini, akasema uji umepoa.

Nikaketi na daftari. Hatufuti, wala hatuchani ukurasa. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri, kwani bila hiyo ningechana yote. Nikaandika ukurasa mpya: kwamba maneno yangu ya nyuma kuhusu sanamu ya Houston niliyaandika kabla ya kuona, kwamba nimeona, na nimeona nini. Nikaeleza fundo. Nikaeleza kichwa si chake kwa kauli yake mwenyewe. Kuhusu jenerali nikaandika: bado anakana, sijui kwa nini. Kufunga daftari kulinipa raha, na raha hiyo ikanitia wasiwasi. Nilijiuliza kama nimeandika ukweli au nimempenda mzee.

Kosa moja nililifanya hapo na sikulijua mpaka leo. Sikumwambia binti.

Nesi amekuja saa nne asubuhi. Mkenya. Kuniona tu akasema, "Habari yako dada, umeamkaje na hii baridi?" Nikajibu salama, na moyo ukafunguka, maana kwa Kiswahili ningemweleza fundo lile vizuri mpaka alione. Lakini binti alikuwa amesimama pale hasikii neno. Nikaona mimi ningekuwa yeye, watu wawili wa lugha moja wanateta juu ya baba yangu ndani ya nyumba yangu, ningewaza nini. Nikarudi kwenye Kiingereza changu. Nesi akaelewa, naye akarudi. Kwa hiyo maelezo yangu yalitoka mabovu, fundo likasikika kama la kamba za viatu, ikabidi nionyeshe picha.

Alimuuliza mzee siku, mwezi, mji. Akampa maneno matatu ya kukumbuka. Baadaye mawili yalirudi, la tatu likapotea. Alimuuliza juu ya hita, mzee akakubali kwamba aliiacha. Kisha nesi akafungua daftari langu, akasoma kimya kurasa nyingi, na mimi nimesimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Akasema hilo la Houston limeelezwa. Limebaki hili. Akaonyesha picha ya sebuleni, akamuuliza mzee kwa upole ni nani aliyefanya sanamu ile.

Mzee akatazama fremu. Binti alikuwa amekunja mikono.

"Mimi," akasema. "Nilimfanya mimi."

Binti akakaa chini. "Miaka yote hii, Baba, unanifanya mwongo mbele ya wageni. Kwa nini?"

"Wewe umemtundika pale nimwone kila nikinywa chai. Nimesahau mengi, mwanangu. Huyo sijamsahau hata siku moja."

Mengine aliyasema taratibu, nesi akiacha kalamu. Wenzake watatu wa chuo walikuwa kwenye gereza la jenerali huyo wakati yeye anampima miguu kwa ajili ya viatu vya shaba. Jenerali alikuwa mcheshi, alimpa kahawa. Wawili walitoka. Utawala ulipoanguka watu walifunga kamba shingoni mwa sanamu na kuivuta kwa lori, na yeye alikuwa ndani ya umati, ameshika kamba, anavuta, na jirani yake kwenye kamba alikuwa akitukana fundi aliyefanya kitu kile bila kujua kwamba mabega yao yanagusana. Alisema alivuta kwa nguvu zote. Alijua palipo dhaifu, kwenye mguu wa nyuma wa farasi, akawaelekeza.

Mashine ya kuosha vyombo iliendelea tu.

Nesi ameandika kwamba kumbukumbu inapungua lakini mtu yupo. Hita itoke gereji. Mzee abaki nyumbani na gereji yake, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Alipoondoka alinishika mkono akaniambia kwaheri kwa Kiingereza, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilitegemea binti afurahi, au alie. Alinifuata jikoni nikisuuza vikombe. Aliongea kwa sauti ya chini, bila ukali, ndiyo maana yameniingia. Alisema nilipokuwa na mashaka na baba yake, alisoma mashaka yangu kila wiki. Nilipoacha kuwa na mashaka, akasomewa na mgeni. Siku tatu nzima nilijua, na kila jioni nilimpa ripoti ya kinyesi na chakula nikaenda zangu. Akasema atafikiri kama aiombe ofisi yetu mtu mwingine.

Nilitaka kumwambia kwamba niliandika, daftari lilikuwa mezani. Ni kweli lilikuwa mezani. Lakini kweli zaidi ni kwamba niliogopa akilisoma kabla ya nesi atalipinga, na nilitaka likae. Yaani nilimshuku mpaka mwisho, mtu aliyesikia harufu ya matambara yanayoungua akaamka. Nikamwambia, "Uko sahihi. Nisamehe." Akasema atanipigia Jumapili.

Nilipokuwa navaa koti mzee alikuwa gereji, amevaa kofia na glovu moja, hita imekwisha kutolewa, analoanisha matambara yake kwa maji ya birika yasigande. Picha ya jenerali ilikuwa bado ukutani. Hakuna aliyeigusa. Sijui kama nitaiona tena, na sijui kama ningekuwa mwaminifu kwa binti kuanzia mwanzo, mzee angekuwa gereji leo au kwenye milango ya namba. Mume wangu anasema ningekuwa nimeshinda pande zote mbili. Yeye huwa hayuko mambo yanapotokea, ndiyo maana anajua.

Jioni tumekula ugali na kabichi, na dagaa waliobaki niliowakaanga na nyanya. Mtoto amekula mkate na siagi ya karanga.